Mbiu, Gunia na Simu: Habari za Njaa na Misaada ya Chakula katika Nchi ya Maramba na Mwambao wa Tanga

Maramba ni mji mdogo katika wilaya ya Mkinga, mkoa wa Tanga. Umekaa chini ya milima ya Usambara Mashariki, upande wa kaskazini, mahali ambapo msitu wa milimani wakoma na nyika iendayo mto Umba na mpaka wa Kenya yaanza. Upande mmoja mvua ni nyingi, na kakao, iliki na pilipili manga zastawi. Upande wa pili, mwendo wa saa chache tu kwa miguu, mahindi aghalabu hukauka kabla ya kubeba. Wakaao nchi hii ni Wadigo, Washambaa, Wasegeju, Wabondei, Wakamba na Waduruma, pamoja na wengine walioletwa na kazi ya mashamba makubwa ya mkonge. Katika vijiji vya Bwiti na Daluni wako pia Wadhaiso, ambao lugha yao wataalamu huiweka katika jamii moja na Kikamba na Kikuyu, ijapokuwa imezungukwa na Kidigo na Kishambaa kwa muda wa karne nyingi. Mchanganyiko huu wa watu haukutokea wenyewe. Sehemu yake ni kazi ya njaa. Maana mtu aliyekosa chakula nyikani hupanda milimani ama hushuka pwani, na wengi wa waliokwenda kwa msimu mmoja hawakurudi tena.

Hapana budi kukumbuka tangu mwanzo kwamba njaa haiji yote kwa kukosekana mvua. Mara nyingi chakula kipo mahali, na wenye kukihitaji wako mahali pengine, na kilicho baina yao ni habari isiyofika, njia isiyopitika, au mtu asiyeaminika. Siku hizi simu ya mkononi imekuwa mbiu, daftari na mfuko wa fedha kwa pamoja, na michango ya kuwalisha waliopatwa na maafa huanzishwa, huhesabiwa na kukabidhiwa kwa njia yake. Wako wasemao kwamba hili ni jambo jipya kabisa. Lakini likitazamwa kwa mwendo wa historia yake katika nchi hii, mengi yanayodhaniwa kuwa mapya huonekana kuwa ya kale, na machache yaliyo mapya kweli hayajapata kutazamwa vya kutosha.

Zamani, kabla ya utawala wa Wadachi, habari ya njaa ilisafiri kwa miguu na kwa mdomo. Katika miji ya pwani, kama Vanga, Moa na Tanga, mbiu ya pembe ilipigwa na watu wakakusanyika kusikia jambo. Ndipo ikawa methali kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Bara, habari zilifuata masoko na njia za ukoo. Mwenye njaa alijua ni nani wa kumwendea, wala hakuwa na haja ya kujitambulisha kwa maneno mengi: palikuwa na ndugu wa damu, palikuwa na aliyechanjiana naye, na palikuwa na mtani. Jambo la utani liliandikwa vizuri na R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, juu ya milima hiyo hiyo. Makala zake za mwaka 1941 na 1944 zaonyesha jinsi makabila ya Tanganyika yaliyopigana zamani au yaliyopitiana nchi zao yalivyopata haki ya kutaniana, na katika haki hiyo mna ile ya kuchukua chakula cha mtani bila ya kulaumiwa. Kwa hiyo utani ulikuwa akiba. Haukuwekwa ghalani, bali uliwekwa katika watu, na uliweza kutolewa siku ya haja.

Palikuwa na njia ya pili, nayo ni ya uchungu. Wakati wa njaa kubwa mtu aliweza kumweka rehani mtoto wake au mtoto wa dada yake kwa mwenye nafaka, kwa ahadi ya kumkomboa baada ya mavuno. Wadigo na Waduruma hukumbuka hasa njaa ya mwaka 1884, iitwayo Mwakisenge, ambayo katika siku zake watu wengi waliwekwa rehani kwa watu wa pwani, na si wote waliokombolewa. Neno rehani, ambalo leo husikika katika habari za benki na nyumba, lilikuwa na mwili na jina wakati huo. Msomaji wa historia hana sababu ya kuisifu jamii ya kale kana kwamba kila mtu alilishwa na jirani yake. Walilishwa waliokuwa na ndugu, na wasiokuwa nao walilipa kwa nafsi zao.

Miongoni mwa Washambaa palikuwa na fikira nyingine, inayostahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu itarejea mbele. Mfalme wa ukoo wa Wakilindi, aliyekaa Vuga, ndiye aliyeshika mvua. Steven Feierman ameeleza kwa urefu maneno mawili yaliyotumika: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme mwenye nguvu moja aliiponya nchi, mvua ikanyesha na watu wakashiba. Wakubwa waliposhindana, nguvu kwa nguvu, nchi iliharibika na njaa ikaingia. Basi kusema kwamba kuna njaa hakukuwa kutoa habari ya hewa tu. Kulikuwa kutoa hukumu juu ya mtawala.

Mwisho wa karne ya 19 ulikuwa wakati mbaya kupita zote zinazokumbukwa. Sotoka iliua ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, nzige wakala mashamba katikati ya miaka hiyo, kisha mvua zikakosa mwaka 1898 na kuendelea, na ndui na funza wakaja juu ya miili iliyokwisha dhoofu. Washambaa waliiita njaa hiyo Kidyakingo. Maana yake ni ile ilayo ngozi: kudya ni kula, na kingo ni ngozi, kwa kuwa watu walichemsha ngozi za kulalia na kuzila. Upande wa kaskazini wa mto Umba, Wamijikenda waliipa njaa ya miaka hiyo hiyo jina jingine kabisa: waliiita Magunia, kwa sababu ya magunia ya mchele wa msaada ulioletwa kutoka ng'ambo.

Majina haya mawili yakiwekwa pamoja yafundisha mengi. Mvua iliyokosa ni moja, na nzige ni hao hao. Lakini upande mmoja kilichobaki katika kumbukumbu ni kile ambacho watu walikula walipokuwa hawana kitu, na upande wa pili ni chombo ambacho msaada ulikuja ndani yake. Jina Magunia ni ushahidi mdogo wa mambo makubwa: kwamba palikuwa na meli, na reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na serikali iliyoona haja ya kuwalisha watu, au walau kuwalisha wale waliofika mahali magunia yaliposhushwa. Hata Tanga mchele wa ng'ambo ulishushwa bandarini, na mamisheni, kama ile ya Magila, yaligawa chakula. Lakini reli ya Tanga, iliyoanza mwaka 1893, ilikuwa imefika Muheza tu mwaka 1896, na Korogwe haikufikwa mpaka 1902. Gunia lilikwenda mpaka reli ilipokoma. Baada ya hapo lilihitaji kichwa cha mtu, na mtu mwenye njaa hawezi kubeba gunia mbali.

Katika miaka hiyo hiyo habari zilianza kupata njia mpya, nayo ni karatasi. Wamisionari wa Magila walitoa gazeti dogo la Kiswahili, Habari za Mwezi, katika miaka ya 1890. Na kuanzia mwaka 1905 shule ya serikali ya Tanga ilichapa Kiongozi, lililosomwa na waalimu, makarani na maakida mpaka bara, na kuendelea hadi wakati wa vita mwaka 1916. Magazeti haya, na baada yake Mambo Leo lililoanza Dar es Salaam Januari 1923, yalipokea barua za watu wa miji mbalimbali, waliosimulia mvua, mavuno na mambo ya kwao. Watafiti wa lugha wameyasoma kwa ajili ya sarufi na msamiati, na wamefaidi. Lakini yafaa yasomwe pia kama daftari la njaa. Karani wa mji wa mbali aliyeandika kwamba mtama umekauka alikuwa akifanya kazi ile ile ambayo leo hufanywa kwa ujumbe wa simu, ila ujumbe wake ulifika baada ya majuma, na aliyeusoma hakuwa na njia ya kumpelekea hata kibaba kimoja.

Wakati wa Waingereza msaada ulitolewa kwa mkono mgumu. Watu walilazimishwa kulima mhogo wa akiba, na chakula cha serikali mara nyingi kilitakiwa kilipwe kwa kazi au kwa fedha baada ya mavuno. Baada ya uhuru msaada wa nchi za nje uliacha alama yake katika lugha kuliko katika vitabu: bulga, yaani ngano iliyopondwa ya Marekani, ilijulikana na kila mtoto wa shule, na mahindi ya njano yaliitwa yanga kwa kufananishwa na rangi ya timu ya mpira. Haya ni maneno ya mzaha, lakini yana ukweli wa historia kama ulivyo ndani ya Magunia. Na Ukambani, nchi ya Kenya, njaa ya mwaka 1984 iliitwa Nikwa Ngwete, maana yake ninakufa huku nimeshika. Kilichoshikwa mkononi ni fedha, kwa kuwa madukani hapakuwa na cha kununua. Jina hilo lisisahauliwe, maana ndilo litakalotumika kuipima simu.

Simu ya mkononi kama chombo cha kutumia fedha ilianza Kenya Machi 2007, ilipofunguliwa huduma ya M-Pesa, na mwaka 2008 huduma kama hiyo ikafunguliwa Tanzania. Wanafunzi wa lugha hawakosi kuona kwamba wazo lenyewe si geni kwa watu wa pwani. Kamusi za zamani zina maneno hundi na hawala, yaani barua au ahadi inayosafiri badala ya fedha, ili mfanyabiashara wa Tanga apokee mali iliyowekwa Mombasa au Bombay bila ya shilingi moja kuvuka maji. Kilichokuwa cha tajiri mwenye makarani sasa kimekuwa cha mchuuzi wa maembe. Hata neno wakala limehama: hapo kwanza lilikuwa jina la kazi, yaani uwakilishi, na aliyeifanya aliitwa wakili, leo wakala ni mtu aliyekaa chini ya mwavuli kando ya barabara, na wingi wake ni mawakala.

Miezi tisa tu baada ya kuanza, chombo hiki kilitiwa katika jaribio kubwa. Uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 ulifuatwa na machafuko. Maduka yalifungwa, barabara zikazibwa, na watu waliozingirwa katika mitaa ya Nairobi na miji mingine walipelekewa na jamaa zao fedha na salio la simu, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuwapelekea unga. Wakati huo huo, Januari 2008, Ory Okolloh na wenzake, miongoni mwao Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, walianzisha ramani katika intaneti ambayo mwananchi aliweza kuiletea habari ya yaliyotokea mahali pake kwa ujumbe mfupi wa simu. Waliipa jina la Kiswahili, Ushahidi, nalo jina hilo likaenda na programu yenyewe mpaka Haiti baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 2010. Ni mara chache neno la lugha hii limesafiri mbali hivyo likiwa jina la chombo.

Jaribio la tatu la mwaka huo halikusikika sana, lakini kwa habari ya chakula ndilo lenye mafunzo zaidi. Katika bonde la Kerio, ambako machafuko na wizi wa mifugo vilikuwa vimewakosesha watu mavuno, shirika la Concern Worldwide lilitaka kusaidia kaya 570. Kusafirisha mahindi kulikuwa ghali na hatari, maana lori la chakula ni windo. Basi badala ya kupeleka chakula chote, sehemu ya msaada ilipelekwa kwa M-Pesa. Lakini wengi hawakuwa na simu, na wengine hawakujua kusoma. Kaya ziliwekwa katika makundi ya watu wapatao kumi, kila kundi likapewa simu na chombo cha kuichaji kwa jua, na msomi mmoja akawekwa kuwaongoza. Ukiondoa simu yenyewe, huo ni mpango ambao mzee wa kijiji cha Daluni wa miaka mia iliyopita angeuelewa mara moja: watu kumi wanaojuana, na mmoja miongoni mwao aliye na dhamana mbele ya wengine tisa.

Kisha ukaja mwaka 2011. Tarehe 20 Julai Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba njaa kuu imeingia sehemu mbili za kusini ya Somalia, na picha za watu wa Turkana zikaonyeshwa Kenya nzima. Tarehe 27 ya mwezi huo huo Msalaba Mwekundu wa Kenya, pamoja na makampuni na vyombo vya habari, walianzisha mchango ulioitwa Kenyans for Kenya, wakiazimia kukusanya shilingi za Kenya milioni 500 katika majuma manne. Kiasi hicho kilipatikana kabla ya muda kwisha, na lengo likaongezwa. Makampuni yalitoa mamilioni. Lakini jambo la kukumbukwa ni wale waliotuma shilingi kumi, kwa kuwa kabla ya hapo haikuwezekana mtu kutoa shilingi kumi kwa ajili ya mtu wa Turkana bila nauli ya kuipeleka kuzidi sadaka yenyewe.

Upande wa Tanzania njia hiyo ilifuatwa katika maafa makubwa. Baada ya tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, namba za simu na akaunti ya benki zilitangazwa ili watu wachange. Hazikupita siku nyingi uteuzi wa viongozi wawili wa serikali mkoani ukatenguliwa kwa tuhuma kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine yenye jina lile lile la kamati ya maafa. Ukweli wa tuhuma hiyo si jambo la makala hii. Lenye maana hapa ni jinsi habari hiyo ilivyoingia katika mazungumzo ya watu kila ulipotangazwa mchango mwingine. Na tarehe 3 Desemba 2023, matope yaliposhuka kutoka mlima Hanang na kuifunika sehemu ya mji wa Katesh, wakafa watu zaidi ya 80, michango ilitoka kila mkoa: fedha, unga, mchele, mablanketi. Katika makundi ya simu swali la kwanza lilikuwa, kama lilivyo daima, namba hii ni ya nani?

Swali hilo ndilo lililozaa utaratibu wa orodha. Kila aliyewahi kuwa katika kundi la WhatsApp la wanakijiji au la watu wa ukoo mmoja waliotawanyika Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na Muscat aijua orodha hiyo. Mwenyekiti au mweka hazina huandika kichwa cha habari, namba ya simu na jina litakalotokea kwenye simu fedha zikitumwa. Chini yake huja majina kwa tarakimu, na mbele ya kila jina kiasi. Anayechangia huinakili orodha nzima, huongeza jina lake mwishoni na kuirudisha kundini. Aliyeahidi bila kutoa huandikwa ahadi. Aliyetoa huwekewa alama. Hivyo orodha huzaliwa upya mara arobaini kwa siku, na kila mara ni ndefu kidogo. Huo ni ufundi wa haya na sifa, ambao mbiu haikuweza kuufanya. Jina la asiyetoa halikuandikwa popote, lakini kila mtu alijua kwamba halimo.

Lugha ya orodha hizi yastahili kuchunguzwa na wenye kazi hiyo. Mtoaji hasemi nimetoa, husema nimetuma. Mpokeaji hujibu imeingia, au muamala umeonekana. Na palipo na haja huongezwa maneno ambayo hakuna Mtanzania asiyeyajua: na ya kutolea. Sarufi yake ni nzuri sana. Jina limeachwa, hela au pesa, na kilichobaki ni kiambishi chake katika ya. Kitenzi kimepewa kauli ya kutendea ili kionyeshe kwamba fedha hiyo ni ya kulipia kitendo cha kutoa. Wakenya wengi husema na ya kutoa, na maana huwa ile ile. Kwa maneno matatu mtu mwenye haja amwambia ndugu yake kwamba ashibishe pia njia, maana njia nayo ina kinywa. Julai 2021 kinywa hicho kiliongezeka ukubwa, serikali ya Tanzania ilipoweka tozo ya shilingi 10 hadi 10,000 juu ya kutuma na kutoa fedha kwa simu. Malalamiko yalikuwa mengi, ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwaka huo huo, na kupunguzwa tena baadaye. Wenye kuchangia chakula walikuwa wakilipa kama wenye kufanya biashara, kwa sababu mtambo haujui tofauti ya sadaka na bei.

Lakini jambo zito kuliko tozo ni lile la kutangaza njaa yenyewe. Mvua za vuli za mwaka 2016 zilikuwa haba katika sehemu nyingi za Tanzania. Mapema mwaka 2017 pakazuka ubishi mkubwa: viongozi wa siasa, wa dini na magazeti walisema watu wana njaa, na Rais John Magufuli akakanusha hadharani, akisema kwamba hapana njaa na serikali haitagawa chakula. Katika ubishi huo simu ilitumika kwa namna isiyopata kutokea. Shirika la Twaweza, kwa utaratibu wake uitwao Sauti za Wananchi, lilikuwa na watu waliochaguliwa kwa sampuli kutoka Tanzania Bara ambao lilikuwa likiwapigia simu mara kwa mara na kuwauliza maswali. Matokeo ya Februari 2017 yalionyesha kwamba karibu wanane katika kila kumi walisema pana upungufu wa chakula mahali wanapoishi.

Hapa fikira ya Washambaa yarudi, ingawa waliobishana hawakuitaja. Kama njaa ni hukumu juu ya mtawala, basi anayehesabu wenye njaa ameketi katika kiti cha hakimu. Mfalme wa Vuga hakuwa na shida ya takwimu, lakini aliijua shida hii. Mwaka 2018 sheria ya takwimu ilirekebishwa ili mtu asitangaze hesabu zinazopingana na zile za serikali, na mwaka 2019 ikarekebishwa tena na kulegezwa. Kwa utaratibu wa kawaida habari ya upungufu wa chakula hupanda kutoka kijiji hadi kata, wilaya, mkoa na ofisi ya Waziri Mkuu, kisha mahindi ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, uliowekwa mwaka 2008, hushuka kwa njia hiyo hiyo. Sheria za usimamizi wa maafa za mwaka 2015 na 2022 zimeweka kamati katika ngazi hizo. Ni ngazi nzuri kwa hesabu, lakini ni ndefu kwa tumbo. Na kundi la simu lapita kando yake lote kwa nukta moja. Ndiyo sababu makundi hayo hupendwa na walioko chini na hutazamwa kwa shaka na walioko juu. Kila upande una haki kwa kiasi chake: habari ya uongo nayo hupita kwa nukta moja.

Wasiokuwemo ni akina nani? Mzee wa nyikani asiye na simu, au aliye na simu isiyo na chaji. Mjane ambaye namba yake imeandikishwa kwa jina la mwanawe. Mtu aliyekosa kitambulisho cha taifa, ambaye tangu Januari 2020 hawezi kuwa na laini ya simu kwa jina lake, kwa kuwa uandikishaji ni wa alama za vidole. Karibu na mpaka wa Horohoro, ambako ukoo mmoja una watu huku na huku, jambo la kitambulisho si dogo. Makundi ya kumi ya Kerio yalifikiri juu ya watu kama hao kabla ya fedha kutumwa. Orodha ya WhatsApp haiwafikiri, maana huandikwa na wale ambao tayari wamo. Mwenye ndugu hulishwa, kama ilivyokuwa siku za Mwakisenge.

Tena simu haileti chakula. Huleta fedha, na fedha hununua chakula palipo na soko lenye chakula. Katika mji wa Maramba wenyewe, penye maduka, mashine za kusaga na barabara ya Tanga, elfu ishirini iliyotumwa asubuhi yaweza kuwa unga jioni. Vijijini kuelekea Umba, wakati wa ukame, elfu ishirini hiyo hukuta bei imepanda, na ikiwa wengi wametumiwa siku moja yaweza kuipandisha zaidi. Wakamba waliokwisha sema Nikwa Ngwete walilijua hilo miaka zaidi ya ishirini kabla ya M-Pesa. Mahali pa namna hiyo lazima mtu arudi kwenye gunia na lori, na simu ibaki na kazi yake ya mbiu.

Lipo jambo la mwisho, nalo lahusu kazi ya chuo chenye kuchunguza lugha. Mwakisenge, Kidyakingo, Magunia na Nikwa Ngwete yalikuwa majina yaliyotungwa na watu, na kwa majina hayo wazee walihesabu umri wao na wanahistoria wakapata tarehe zao. Miaka ya ukame ya karibuni aghalabu hutajwa kwa tarakimu. Kumbukumbu yake imo katika orodha zilizonakiliwa na kufutwa, na katika hesabu za makampuni ya simu ambazo hazifunguliwi kwa mtafiti. Nakala za Kiongozi bado zasomeka baada ya miaka zaidi ya mia. Orodha ya michango ya juzi huenda na simu iliyoibwa au iliyoanguka majini. Kuziomba baadhi ya orodha hizo kwa wenyewe, kwa ruhusa yao na kwa kuficha majina ya watu, na kuzihifadhi pamoja na maneno yaliyotumika ndani yake, ni kazi isiyohitaji fedha nyingi. Kadhalika kuwauliza wazee wa Bwiti na Daluni ni majina gani ya njaa yaliyomo katika Kidhaiso. Maana wasemaji wa lugha hiyo ni wachache, na watoto wao wengi sasa huzungumza Kidigo au Kiswahili nyumbani.